Fahamu: Baada ya tumbo kupunguzwa, muthokoi unalika vipi?
Upasuaji wa kupunguza uzito nchini Kenya hufanywa zaidi Nairobi, lakini matokeo yake huamuliwa mezani nyumbani, katika miji ya Ukambani kama Wote au Mwingi. Katika aina inayofanywa sana duniani, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Aliyezoea sahani iliyojaa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, hushiba kwa vijiko vichache, na akimeza bila kutafuna, hutapika. Maji nayo hayanywewi pamoja na chakula: ni funda moja moja, nusu saa baadaye, katika joto la Ukambani ambako kiu haina subira. Anayeita upasuaji huu njia ya mkato hajawahi kukataa sahani ya pili mbele ya mama mkwe.

Wapo wanaodai chakula cha huku hakifai, eti lazima unga wa protini wa dukani. Kwa aliyepita wiki za mwanzo za uji na supu, sikubali. Lengo ni walau gramu 60 za protini kwa siku. Ndengu, kunde na mbaazi zilizolainika, pamoja na mayai na maziwa lala, hutoa sehemu kubwa, mradi ziliwe kabla ya mahindi. Juisi ya embe la Makueni ndiyo ya kuogopwa: ikishuka utumboni kwa kasi huleta jasho, kizunguzungu na kuhara. Kisichotoka shambani ni nyongeza ya vitamini B12 na kupimwa damu, maisha yote. Mgonjwa wa Mutomo akilazimika kwenda Nairobi kwa kipimo hicho, ataacha. Hospitali za rufaa za kaunti ndizo zichukue kazi hiyo.