Kukusanyika, Kusongamana na Kusogeleana: Tatizo la Kutafsiri Ukaribu

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili kinavyoeleza dhana ambayo Kiingereza huibeba kwa maneno mawili, “huddle together”. Dhana hiyo ina viambajengo vitatu: watu zaidi ya mmoja, miili inayokaribiana, na sababu ya kukaribiana, aghalabu baridi au hofu. Wanafunzi wengi wa tafsiri hukimbilia kitenzi -kusanyika, na hapo viambajengo viwili vya mwisho hupotea.

Tuchukue mazingira ya Kawetele, Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa za baridi. Watoto wanangoja mlango wa darasa ufunguliwe:

(1) Watoto walikusanyika barazani.
(2) Watoto walisongamana barazani.
(3) Watoto walijikunyata barazani.
(4) Watoto walisogeleana barazani, wakajikunyata kwa baridi.

Sentensi (1) yaeleza kuwapo mahali pamoja tu. Ni kweli hata wakisimama mbalimbali. Kitenzi cha (2) kinatokana na -songa, nacho hudokeza uhaba wa nafasi. Ndiyo maana twasema “msongamano wa magari”. Lakini watoto wetu hawakukosa nafasi: walitafuta joto. Katika (3), kiambishi -ji- humrudishia kila mtoto tendo lake mwenyewe, ukaribu haumo. Kitenzi -kongamana nacho hakifai, kwani siku hizi kimeelekea zaidi kwenye mikutano ya majadiliano.

Sentensi (4) ndiyo inayokamilisha maana. Kutokana na -sogea twapata -sogelea, ambapo kauli ya kutendea huonyesha mwelekeo. Kisha -sogeleana, ambapo -an- humfanya kila mtoto awe msogeleaji na msogelewa. Kiambishi -ka- huunganisha tendo la pili, na “kwa baridi” hutaja sababu.

Unyambuzi wa namna hii si mgeni kwa mwanafunzi wa Rungwe. Kinyakyusa, kikiwa lugha ya Kibantu, nacho kina kinyambuo -an-.

Kwa hiyo, dai kwamba Kiswahili “hakina neno” la dhana hii linatokana na kutafuta neno moja mahali ambapo lugha hutumia vinyambuo na mfuatano wa vitenzi. Mfasiri asiyezingatia hilo atawageuza watoto wanaotetemeka kuwa wahudhuriaji wa mkutano.