Kitabu, Upweke na Mwenzi

Mwalimu mmoja aliyepelekwa kufundisha katika kijiji cha mbali alitujia akasema kwamba ataka kuiacha kazi. Watoto hawakumshinda, bali jioni ndiyo iliyomshinda. Wanafunzi wakiisha kwenda kwao, hapana mtu wa kumwambia, "Pole kwa kazi." Tukamwuliza, "Je, wasoma vitabu?" Akajibu, "Nasoma mno, hata vimenichosha."

Neno hilo lilituchoma, kwa maana na sisi tumepata kukaa hivyo. Basi twataka kuwasimulia habari za mtu aliyeonja upweke kuliko sisi, ndiye John Bunyan, aliyezaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford katika Uingereza.

Kazi yake ilikuwa kuziba masufuria na vyombo vya shaba. Alipooa, yeye na mkewe walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko. Lakini mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, nao pengine wakavisoma pamoja. Bunyan alifundishwa kusoma utotoni, akasahau karibu yote. Angalieni: vitabu vile vilimjia kwa mkono wa mwenzi.

Mke huyo akafariki, akaacha watoto wanne, na mmoja, Mary, alikuwa kipofu. Mwaka 1659 Bunyan akamwoa Elizabeth. Novemba 1660 akakamatwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa. Aliambiwa kwamba akiahidi kunyamaza atafunguliwa. Hakukubali, akakaa kifungoni karibu miaka 12.

Humo walikuwamo wafungwa wengine. Lakini mtu aweza kuwa mpweke katikati ya watu, akiwakosa walio wake. Mwenyewe aliandika kwamba kuachana na mkewe na watoto kulimwumiza sana, na zaidi kumwacha yule kipofu. Hakukaa bure. Alitengeneza vigwe vya kuuza, ili jamaa yake wapate chakula. Alikuwa na Biblia, na kitabu cha John Foxe chenye habari za mashahidi wa imani. Naye Elizabeth, mwaka 1661, alisimama mbele ya majaji kumwombea mumewe; hawakumfungua.

Alitoka mwaka 1672, na mwaka 1678 kikapigwa chapa kitabu kile tukijuacho kwa jina la Safari ya Msafiri. Mwanzo wake Mkristo aondoka peke yake, ameziba masikio asisikie mkewe na watoto wakimwita. Lakini mwandishi, aliyejua uchungu wa kutengwa, hakumwacha hivyo. Ampa Mwaminifu awe mwenzi wake. Huyo akiisha kuuawa, ampa Mwenye Tumaini. Na katika mto wa mwisho, Mkristo alipozama, huyo ndiye aliyemwinua kichwa. Tena mwaka 1684 ikatoka sehemu ya pili, mke na watoto wakiifuata njia ile ile.

Sisi wenyewe tulipokuwa vijana tulijifungia na vitabu mwaka mzima, tukijisifu kwamba twapenda elimu, kumbe twawaogopa watu. Jioni moja bibi jirani, asiyejua kusoma, alituletea uji. Akauliza, "Hicho kitabu chasemaje, mwanangu?" Tulipojaribu kumweleza, tukaona kwamba hatukukielewa. Tukakisoma upya, naye akisikiliza, na tangu siku hiyo jioni zetu hazikuwa ndefu tena.

Basi yule mwalimu tulimwambia hivi: "Usiuache ukimya wako, kwa maana humo mtu hupima moyo wake. Wala usiache kusoma. Lakini ukurasa mmoja uliosoma peke yako, upeleke kwenye jiko la jirani, ukausome kwa sauti. Na kila juma mwandikie rafiki barua." Akarudi kijijini. Kama atakaa au hatakaa, bado hajatuambia.

Nanyi wenye nyumba, msidhani kwamba mwalimu wenu ashiba kwa kusoma. Yule aliyeketi peke yake na taa yake karibu nanyi, pigeni hodi kwake jioni hii.