KAMSHAFTI NA TAPETI ZAKE

Majani ya chai yakiisha kuchumwa hayamngoji mtu. Yakisongamana kwa muda mrefu hupata moto na kugeuka rangi kabla ya kufika kiwandani, na majani ya namna hiyo hayatoi chai njema. Kwa sababu hiyo, katika vilima vya Kericho na Bomet, ambako nchi imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari na njia za udongo huwa na utelezi wakati wa mvua, gari zima ni mali kubwa. Wako watu ambao hata leo hutunza Peugeot za zamani, magari yaliyojipatia sifa katika mashindano ya Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978.

Gari la namna hiyo likichoka, injini hufunguliwa na kuundwa upya. Mara nyingine mwenyewe hufurahi kuisikia ikinguruma vema, lakini baada ya siku chache huanza kugonga na nguvu zake kupungua. Hudhani ya kuwa ameuziwa spea mbovu. Kumbe pengine kosa lilifanyika mezani pa fundi: tapeti za zamani zilitiwa juu ya kamshafti mpya.

Kamshafti ni mti wa chuma wenye nundu, uzungukao mara moja kila krankishafti izungukapo mara mbili. Kila nundu huinua tapeti yake. Tapeti husukuma ufito wa chuma, na ufito husukuma mkono ufunguao valvu, ili petroli na hewa ziingie au moshi utoke. Kisha springi huifunga valvu.

Kwa macho, uso wa chini wa tapeti huonekana kuwa bapa kabisa. Lakini katika injini nyingi za namna hii sivyo ulivyo. Umenolewa uwe na mbinuko mdogo sana, na nundu nayo ina mshazari usioonekana. Hivyo nundu huigusa tapeti kando kidogo ya kitovu chake na kuizungusha huku ikipanda na kushuka. Kuzunguka huko ndiko kunakoiokoa, kwa maana hailiki mahali pamoja tu. Siku zinavyopita, tapeti na nundu huzoeana, kama kiatu kikuukuu kinavyoufuata mguu wa mwenyewe. Mtu mwingine akikivaa, kitamwumiza.

Basi, yapasa kuangalia mambo haya. Kwanza, kamshafti mpya, au iliyosagwa upya, haina budi kupewa tapeti mpya zote. Pili, kamshafti ya zamani iliyo nzima yaweza kurudishwa na tapeti zake zile zile, kila moja katika tundu lake na juu ya nundu yake. Fundi mwangalifu hutoboa matundu katika ubao, akayaandika nambari, na kuziweka humo kwa taratibu. Tatu, kila tapeti ipimwe kwa ukingo wa rula ulionyooka. Mwanga ukionekana katikati ya uso wake, tapeti imebonyea, nayo haifai tena.

Injini za Land Rover za zamani za lita 2.25 zina tapeti zenye gurudumu dogo, ambazo hazizunguki zenyewe. Hata hizo zirudishwe mahali pake, na upande ule ule zilioelekea mwanzo.

Kazi ya kuunganisha ikiisha, hatari haijaisha. Nundu na nyuso za tapeti mpya zipakwe grisi maalum ya kuundia injini. Injini ikiwaka, isiachwe inguruma polepole. Iendeshwe kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi. Sababu ni kwamba nundu hupata mafuta mengi kwa kurushiwa na krankishafti, nayo ikienda polepole hurusha machache. Baada ya hapo mafuta yamwagwe na kutiwa mengine. Tena mwenye gari aulize mafuta yanayofaa injini za zamani, kwa kuwa mengi ya siku hizi yamepunguzwa zinki na fosforasi, dawa zinazolinda vyuma visagikavyo pamoja.

Tapeti nane mpya zina gharama, wala si ajabu mtu kutaka kuziepuka. Lakini nundu ikiliwa, unga wa chuma huenea katika mafuta na kuzila beringi, na injini nzima hufunguliwa mara ya pili. Siku hiyo mwenyewe atalipa fundi, atalipa spea, na majani yake yatakuwa yanaungua ndani ya magunia kando ya njia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.