Kujipima Virusi vya Ukimwi Nyumbani: Hukumu na Adabu Zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Sitalike ni kijiji kilicho langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini ya Mpanda. Wapita njia ni wengi, lakini wenyeji wanajuana kwa majina. Anayeonekana zahanati asubuhi huulizwa jioni alifuata nini. Kwa hiyo walio katika hatari zaidi, kama wahudumu wa baa, wanawake wanaouza miili yao na wanaume wanaoishi mbali na wake zao, ndio wanaokwepa kupima. Je, kifaa cha kujipima mwenyewe kinafaa kisheria?

Kwanza tukifahamu kifaa. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2016, na Tanzania Bara ikakiruhusu kwa marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Ukimwi ya 2008. Kipo cha kupangusa ufizi, na kipo cha tone la damu ya kidole. Mistari miwili si hukumu ya mwisho: ni lazima kuthibitisha kituo cha afya. Aliyeambukizwa ndani ya miezi mitatu anaweza kuonekana salama naye si salama, hivyo arudie. Na anayetumia dawa za kufubaza virusi asikitumie, kwani jibu linaweza kumdanganya.

Ama hukumu, tunaona kuwa inajuzu, bali huenda ikawa wajibu kwa anayechelea kumdhuru mwenziwe. Njia hufuata hukumu ya lengo lake, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo (Al-Baqara: 195). Na Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari ya tauni ya Sham alirejea na watu wake kutoka Sargh, akabainisha kuwa kuchukua hadhari hakupingani na qadar.

Wapo wasemao: "Kifaa hiki kinawafichia wazinifu." Tunajibu: sitara ni asili katika dini yetu. Maiz alipokiri zinaa, Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara kwa mara, na Hazzal, aliyemhimiza kwenda kukiri, aliambiwa kuwa kumsitiri kungekuwa bora kwake. Aidha kupeleleza kumekatazwa (Al-Hujurat: 12). Kifaa hakihalalishi zinaa, kama vile dawa ya jeraha haihalalishi ugomvi. Na wapo wengi walioambukizwa ndani ya ndoa ya halali, bila ya kosa lao.

Sitara hiyo ina adabu zake:

1. Mume asimlazimishe mke kupima, wala asimpime kwa hila, wala mke asimfanyie mumewe hivyo. Sheria ya nchi pia inataka ridhaa, ila katika mambo machache.

2. Asitoe talaka kwa hasira ya mistari miwili. Jambo ambalo halijathibiti halijengewi hukumu.

3. Likithibiti, kumficha mume, mke au mchumba ni ghushi iliyo haramu. Hapa haki ya mwingine imeingia, na sitara haiwi ngao ya kudhuru. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Abu Dhabi mwaka 1995 liliamua kuwa kuambukiza kwa makusudi ni haramu, na kwamba mwanandoa aliye salama ana haki ya kuomba kutenganishwa. Lilisema pia kuwa kumtenga mgonjwa na wenziwe si wajibu, maana virusi haviambukizi kwa kukaa pamoja wala kugusana.

4. Kupangusa ufizi hakubatilishi saumu maadamu hakuna kilichomezwa. Lakini ni bora kungoja usiku. Tone la damu ya kidole halivunji saumu, wala udhu katika madhehebu ya Shafi.

Enyi maimamu, atakayekujieni usiku na kifaa mkononi msimuulize alipata wapi ugonjwa. Mshikeni mkono, mtulizeni, mfuateni hadi kituoni, kisha mfunge midomo. Aliyeanza dawa mapema na akazidumisha huishi, huoa na huzaa. Aliyefukuzwa mlangoni kwenu hurudi gizani, akawadhuru wengine naye mwenyewe akaangamia.

Wallahu aalam.