Kila Mbu na Makazi Yake

Kaya nyingi zikiona mbu wamezidi hufyeka majani na kuchoma taka. Usafi huo ni mzuri, lakini usiku mbu huwa ni wale wale. Sababu ni kuwa mbu huzaliana kwenye maji, na si kila maji yanamfaa kila mbu.

Mahali kiumbe anapopata chakula, hewa na nafasi ya kuzaliana huitwa makazi yake. Kila makazi yana wakazi wanaoyamudu. Tuangalie makazi matatu yaliyo jirani na milango yetu.

Makazi ya kwanza ni madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua: mashimo ya matofali, alama za magurudumu, nyayo za ng'ombe. Hapa huzaliana anofelesi, mbu wa malaria. Dimbwi la siku chache huwa halina samaki, na wadudu walao viluwiluwi huwa bado hawajajaa, hivyo watoto wake hukua kwa amani. Dawa yake ni kufukia shimo au kuchimba mfereji maji yaondoke.

Makazi ya pili ni choo cha shimo na karo. Maji yake ni machafu na yana hewa kidogo, samaki hawezi kuishi humo. Lakini kiluwiluwi wa kuleksi hula bakteria waliojaa humo, na hupumua kwa mrija anaoutoa juu ya maji. Katika miji ya pwani yetu, huyu ndiye mwenezaji mkubwa wa matende na mabusha. Kwa kuwa hupumulia juu, huzibiwa juu. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, vyoo viliwekwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, na wananchi wakapewa dawa ya matende. Mbu hao walipungua sana. Nyumbani kwako, funika tundu la choo, ziba nyufa za karo, na weka wavu kwenye bomba la hewa.

Makazi ya tatu ni vyombo: pipa, tairi, kopo, kifuu. Humo huzaliana edesi, mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hung'ata zaidi mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mayai yake huganda ukingoni mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Basi usimwage maji tu, sugua na chombo chenyewe, kisha kifunike.

Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Tenga siku moja kila wiki, zunguka nyumba yako na watoto, mkague makazi yote matatu.

Na mgonjwa wa homa apelekwe kupimwa kwanza. Si kila homa ni malaria, na dawa ya malaria haitibu dengi.