Ua na Hindi Lenye Mapengo: Uzazi wa Mimea Katika Vishamba vya Kariobangi

Katika mtaa wa Kariobangi, mashariki ya jiji la Nairobi, nafasi ya kulima ni haba. Hata hivyo, kandokando ya mto, nyuma ya ploti na katika magunia yaliyojazwa udongo, wakazi hupanda sukuma wiki, maboga na mahindi. Sukuma wiki haimtaabishi mkulima kwa maua: huchuma majani na kupanda tena machipukizi. Boga na hindi havipatikani hivyo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ua linavyozaa, na faida ya ujuzi huo kwa mwenye kishamba kidogo.

Kiungo cha kiume cha ua ni stameni, ambayo hutoa unga uitwao chavua. Kiungo cha kike ni pistili, yenye stigma ya kupokea chavua na ovari iliyohifadhi ovuli. Chavua inapoifikia stigma, huo ni uchavushaji. Kisha chembe ya chavua huota mrija unaoshuka hadi kwenye ovuli, na seli ya kiume huungana na yai. Huo ni utungisho, istilahi itokanayo na kitenzi ‘tunga’, kile kile kitumikacho kwa mimba na kwa shairi. Dhana hizi mbili zisichanganywe: uchavushaji ni safari, utungisho ni muungano. Baada yake ovuli huwa mbegu, nayo ovari huwa tunda.

Mmea wa boga una maua dume na maua jike mbalimbali. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kivimbe cha mviringo chini yake, mfano wa boga dogo. Kwa hivyo, maua dume yanapodondoka pasi na tunda, huo si ugonjwa. Kivimbe kikinyauka, huenda nyuki hakufika. Maua haya hufunguka asubuhi na kufumba kabla ya jua kupinduka sana. Anayenyunyiza dawa ya wadudu saa hizo huua mchavushaji wake mwenyewe. Aidha, mkulima anaweza kuchuma ua dume asubuhi na kulipaka kwenye stigma ya ua jike.

Mahindi, kwa upande wake, hutegemea upepo. Ua dume liko kileleni. Ua jike ni hindi lenyewe, na kila unywele wake umeunganishwa na ovuli moja. Unywele usiopata chavua huacha pengo mahali pa punje. Ndiyo maana mstari mmoja uliopandwa kando ya ukuta mara nyingi huzaa mahindi yenye mapengo: chavua nyingi hupeperushwa nje ya shamba. Miche iyo hiyo ikipandwa siku moja, kwa mistari mifupi kadhaa iliyokaribiana, huchavushana vyema.

Ikumbukwe pia kwamba mrija wa chavua hubeba seli mbili za kiume. Mwaka 1898, Sergei Nawaschin, akifanya utafiti mjini Kiev, alibainisha kazi ya ile ya pili: huungana na viini vingine ndani ya ovuli na kuunda akiba ya chakula cha mbegu. Katika hindi, akiba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya unga wa ugali.

Kwa hivyo, pengo moja katika hindi ni muungano ambao haukutukia, na katika kishamba cha hatua chache, mapengo mengi ni sufuria iliyopungua.