KINGA BILA MUPIRA WA NDANI: NI GURUDUMU GANI LINALOKUBALI?



Kila mutu wa kinga anajua kazi ya kubandika rustini. Mwiba unaingia, upepo unatoka, tunashuka na kusukuma. Sasa watu wengine wanasema: «Toa tu mupira wa ndani, taabu imekwisha.» Neno hilo ni kweli nusu. Tunataka kueleza namna kazi hiyo inavyofanyika nyumbani, na zaidi sana ni gurudumu gani linaikubali. Juu gurudumu likipoteza upepo kwa rafla moja katika mutelemko, mwenye kinga anaweza kuvunjika.

1. UPEPO UNASHIKWA NA NINI?

Katika gurudumu tulilozoea, upepo unakaa katika mupira wa ndani. Pine iko pale kwa kuuchunga tu. Magari mengi yaliacha mupira wa ndani tangu zamani. Kwa kinga za VTT, yaani kinga za milimani, kampuni tatu za Ufaransa, Mavic, Michelin na Hutchinson, zilileta mufano wao mwaka 1999, jina lake UST. Janti yake haikuwa na matundu ya rayo upande wa pine, kwa hiyo upepo haukuwa na njia ya kutokea.

Janti yetu ya kawaida iko na milango mitatu: matundu ya rayo, tundu la valvu, na pahali mudomo wa pine unapokutana na janti. Kazi yote ni kufunga milango hiyo mitatu. Mutu akifunga miwili na kusahau mumoja, hakufanya kitu.

Tena kuna dawa ya maji inayotiwa ndani ya pine. Mara nyingi inatengenezwa kwa utomvu wa mupira. Mwiba ukitoboa, upepo unasukuma dawa katika tundu, nayo inagandamana pale na kuziba.

2. TUANGALIE GURUDUMU KWANZA

Kinga nyeusi za mizigo, zenye pine ya 28 x 1 1/2 na janti ya chuma, tuziache na mupira wao wa ndani. Janti hiyo haikufanywa kushika mudomo wa pine bila musaada, na zaidi chini ya mifuko ya makala ao ya mihogo. Hapo dawa haisaidii.

Inayofaa ni janti ya aluminiamu ya VTT, yenye kuta mbili, iliyonyooka, bila ufa, na kingo zake zimejikunja kidogo kuelekea ndani. Pine nayo isiwe imepasuka kando, wala waya wa mudomo usiwe unaonekana.

Tuangalie hesabu pia. Pine ya 26 x 1.95 na pine ya 26 x 1 3/8 zote zinaitwa «26», lakini moja ni ya janti ya milimetri 559 na ingine ni ya milimetri 590. Haziwezi kubadilishana. Hesabu hiyo ya milimetri huandikwa kandokando ya pine: tuisome.

3. KAZI YENYEWE

Wenye pesa wananunua utepe maalum na valvu yake. Lakini kuna njia ya mupira uliopasuliwa, yenye gharama ndogo. Kwa janti ya 26 tunatafuta mupira wa ndani wa kinga ya mutoto, namba 20, wenye valvu inayolingana na tundu la janti.

a) Toa pine na mupira wa zamani. Safisha janti, ikauke kabisa. Ule utepe unaofunika vichwa vya rayo uache pahali pake.

b) Ingiza valvu ya mupira wa 20 katika tundu, kaza nati kama iko nayo, kisha vuta mupira uzunguke janti yote. Tia upepo kidogo tu, usikae umepindana.

c) Kwa makasi, pasua mupira katikati ya upande wa inje, mzunguko wote. Pangusa unga ulio ndani. Laza kingo zake mbili zifunike janti huku na huku. Sasa matundu ya rayo na tundu la valvu vimefungwa pamoja.

d) Vika pine juu yake, kwa mikono kama inawezekana, maana chuma kinatoboa. Acha sehemu ndogo wazi, tikisa chupa ya dawa vizuri, mimina mililitri 60 mpaka 100, kisha funga.

e) Paka maji ya sabuni kwenye midomo ya pine na piga pompi mbio mbio. Mudomo ukikaa pahali pake unalia «pa!». Pompi ya mukono ikishindwa, twende kwa fundi mwenye mashini ya upepo. Lakini tusipite ile hesabu ya upepo iliyoandikwa kwa pine ao kwa janti; kama ni mbili, tufuate iliyo ndogo. Na hapana kutia gazi ya kuwaka ao esanse kwa kusukuma pine: inaunguza watu.

f) Zungusha gurudumu, litikise, lilaze upande mumoja, kisha mwingine. Pahali povu linapotoka, dawa ifike pale. Liache usiku mzima. Asubuhi, kama upepo uko, kata kwa wembe mupira uliozidi, bila kugusa pine.

4. KUTEMBEA NA KUTUNZA

Faida si mwiba tu. Mupira wa ndani wenye upepo kidogo hubanwa kati ya jiwe na janti, unatoboka matundu mawili. Pasipo mupira huo, taabu hiyo haiko, na tunaweza kutumia upepo kidogo ili pine ishike njia. Kwa mutu wa kilo 60 ao 70 na pine pana ya inchi 2, tuanze na bar 2. Tukishusha mno, pine itaachia upepo katika kona.

Dawa inakauka kwa miezi 2 mpaka 6, na joto linaiharakisha. Kwa hiyo tufungue na kuongeza. Anayesahau anatembea na pine kavu, na mwiba wa kwanza utamushusha.

Kama pine imekatwa sana, dawa haitaweza. Basi tuwe na mupira wa ndani katika mufuko siku zote. Lakini kabla ya kuuingiza, tupapase ndani ya pine na kung'oa miiba yote. Dawa iliificha, haikuiondoa. Asiyeing'oa atatoboa mupira mupya pale pale.

Basi ndugu, anayetembea na VTT katika njia za miiba, bila muzigo muzito, na anaweza kupata dawa kila mara, ajaribu. Anayebeba mifuko ao kubeba mutu nyuma, abaki na mupira wa ndani, rustini na kole. Hiyo si kubaki nyuma. Ni kujua gurudumu lake.